Alizeti ya Mkunga

Juu ya sinki la leba palikuwa na tangazo lililobandikwa kwa gundi isiyo na huruma: NAWA MPAKA KWENYE VIWIKO. Mkunga alilitii kila siku bila hata kulitazama. Alikunja mikono ya sare, akapaka sabuni, akasugua katikati ya vidole, kisha akalipandisha povu mkono wa kushoto. Povu likapita juu ya shina la alizeti, juu ya majani yake, mpaka kwenye ua lenyewe lililokuwa limefunguka chini kidogo ya kiwiko, la njano iliyoiva. Akasuuza. Alizeti ikabaki pale pale, maana ilikuwa tatuu, na tatuu haiogopi sabuni.

Alichorwa kwa sababu alipenda. Jibu hilo halikumridhisha mtu. Watu wanaamini kwamba mwenye mchoro mwilini lazima awe na kisa, tena kiwe kibaya. Wapo waliosema aliwahi kufungwa. Wapo waliosema ni mwanamume aliyemwacha kwenye mataa. Fundi bomba wa hospitali, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema ni alama ya kundi fulani analolijua yeye.

"Nilipenda tu," mkunga alisema kila alipoulizwa. "Kama wewe ulivyolipenda hilo shati lako, na hakuna aliyekukamata."

Puani alikuwa na kipini kidogo cha dhahabu. Nacho alikipenda tu.

Kwa kazi alikuwa mkunga mzuri wa kawaida. Wapo waliomzidi, wapo aliowazidi. Alikuwa na mikono ya joto na mdomo wa utani, na wajawazito waliomteta kule kwenye benchi, uchungu ukishachachamaa waliung'ang'ania mkono ule ule, ua na kila kitu.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yao alishafariki zamani, na mkunga ndiye aliyemlea huyu mdogo, akamsomesha, akamwoza. Tangu tumbo lianze kuonekana, mdogo mtu alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Dada, nikizalishwa na mtu mwingine nitakufa."

"Hufi."

"Niahidi utakuwepo."

"Nitakuwepo. Haya, kula."

Ahadi hiyo mkunga aliibeba kama mtu anavyobeba yai kwenye mfuko wa shati. Mengine yote ya kazini aliyafanyia mzaha, hilo hapana.

Siku moja mdogo wake alikuja kupimwa, akasindikizwa na mama mkwe wake, mama wa heshima zake, mtu wa kupiga pasi hata leso. Mkunga aliposhika tumbo kutafuta kichwa cha mtoto kimelala wapi, yule mama aliutazama mkono, akautazama tena.

"Binti, hiyo inafutika?"

"Haifutiki, mama."

"Basi ondoa mkono. Wino huo utapenya, umpate mjukuu wangu."

"Mama, huyu ni dada yangu wa damu," mdogo mtu akasema kutoka kitandani.

"Najua ni dada yako. Undugu hauzuii wino. Na hicho kipini je? Mtu wa hospitali anatakiwa awe safi, mtu akimtazama atulie."

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Matroni, mkuu wa wauguzi. Hakuwa wa kwanza, ila alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti akakataa kuinuka. Matroni hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa moja: malalamiko yakimfikia alitaka yaondoke, hata kama ni kwa kupitia dirishani. Kesho yake juu ya sinki, ubavuni mwa tangazo la kwanza, pakabandikwa la pili: MICHORO YOTE YA MWILINI IFUNIKWE. VIPINI MARUFUKU.

Mkunga alimwita Matroni, wakasimama wote wawili mbele ya sinki.

"Nikishusha mikono ya sare, siwezi kunawa mpaka kwenye viwiko. Nikinawa mpaka kwenye viwiko, ua linaonekana. Nitii lipi?"

Matroni akasoma tangazo la kwanza. Akasoma la pili. "Yote mawili."

"Kivipi?"

"Wewe ni mkunga. Mambo ya kupita mahali pasipopitika ndiyo kazi yako." Kisha akashusha sauti. "Ukishindwa, nitakupeleka stoo ya mashuka. Huko hakuna anayekuona, lakini leba ndiyo usahau."

Mkunga akamfikiria mdogo wake. Akachukua bandeji, akauzungushia mkono kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko. Kipini kilikuwa hakitoki, kilishazoeana na pua, basi akakibandika plasta. Alikubaliana na Matroni kwamba kabla ya kila mama ataifungua bandeji, atanawa amegeukia ukuta, kisha atafunga nyingine mpya. Bandeji zikaanza kuisha stoo, lakini hilo halikumletea Matroni malalamiko, kwa hiyo halikuwa tatizo.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba watu hawaogopi kidonda. Wale wale waliokuwa wakivuta kanga zao anapopita, sasa walimsogelea. "Pole jamani, uliungua?" "Maskini, anaumwa na bado anatuhudumia!" Mmoja alimletea asali ya kupaka. Mwingine, aliyewahi kuandika barua ya kumkataa, alifika mapokezi akasema anamtaka yule muuguzi mwenye jeraha, yule mwenye moyo.

"Si jeraha," mkunga alijaribu. "Ni ua."

Wakacheka, wakamsifu jinsi anavyojikaza.

Mtoto wa kwanza mwenye petali alizaliwa Jumatano, muda mfupi baada ya chai. Alilia vizuri, akamkojolea mkunga kifuani, akapelekwa kwenye mizani. Mwenzake mkunga, aliyekuwa akipima siku hiyo, akamgeuza huku na huku. Kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na petali moja ya njano, lile jani jembamba la pembeni mwa ua, limekaa kwenye ngozi kama limezaliwa nayo, na kweli lilizaliwa nayo.

"Kilo tatu na robo," mwenzake akasema. "Na petali."

"Andika kwenye alama za kuzaliwa."

Mama mtu alimtazama mtoto, akasema hiyo ni ya upande wa baba yake, akaomba maji ya kunywa.

Mkunga alipofungua bandeji kwenye sinki, aliona pengo kwenye ukingo wa alizeti, kama la jino la mtoto wa darasa la kwanza. Wa pili akazaliwa, akaondoka na petali yake. Na wa tatu. Pacha waligawana, kila mmoja moja, bila ugomvi. Watoto waliozalishwa na wenzake walitoka weupe pe, ngozi tupu, na hapo Matroni akaanza kupata malalamiko mapya.

"Wa jirani yangu ana petali," baba mmoja alisema huku amemshika mwanawe kama bidhaa anayoirudisha dukani. "Wa kwangu mbona hana? Sisi tumekosa nini?"

Maana petali zilikuwa zimependwa mno. Wazazi walikunja mikono ya nguo za watoto hata kwenye baridi, ili zionekane. Ilisemwa kwamba Mungu mwenyewe kachora. Mtu mmoja tu, tena kwa utani, aliuliza kama hiyo haifanani na ile ya mkunga. Alijibiwa na benchi zima kwamba asifananishe baraka na uhuni.

Matroni akampangia mkunga zamu nyingi zaidi. Akamwambia pia aikaze bandeji.

Mkunga alichoka, na ilimuuma, tusidanganyane. Lilikuwa ua lake. Alilichagua mwenyewe, akavumilia sindano, akalitazama kila asubuhi kwa miaka. Sasa lilikuwa linakwenda petali moja moja kwa watoto wa watu waliolisema vibaya, na watoto wenyewe hawana kosa, huwezi hata kuwakasirikia.

Kisha likatokea la mama aliyefika mlangoni mtoto kichwa nje. Hapakuwa na muda wa kufunga chochote. Mkunga alimpokea mtoto kwa mkono mtupu, ua nje nje, na mtoto akatoka hana doa. Aliporudi kwenye sinki alizihesabu petali zilizobaki: zilikuwa zile zile. Akaelewa. Akaenda ofisini kwa Matroni.

"Nikiliacha wazi halihami. Linahama likifunikwa."

Matroni alifikiri kwa haki kabisa, kidole shavuni. "Likiwa wazi napata malalamiko. Likihama yananipungua. Acha lihame."

"Litaisha."

"Basi na bandeji zitapumzika."

Zikapukutika petali, likafuata lile duara la katikati lililojaa mbegu, aliyelichukua akiwa binti mnene mwenye hasira. Majani yalikwenda. Shina lilikwenda na mtoto mrefu. Mdogo wake mkunga aliposhikwa na uchungu, asubuhi moja yenye jua la kuanikia nguo, kwenye mkono wa dada yake ilikuwa imebaki petali moja, na chini ya plasta kipini.

Mkunga alisimama kwenye sinki akiitazama ile petali. Angeweza kuiacha wazi ikabaki yake. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa leba, mkoba mapajani, macho kwenye mkono, na Matroni amesimama nyuma yake. Ndani, mdogo wake alikuwa akiita.

"Dada! Dada yuko wapi?"

"Nipo!"

Akachukua bandeji. Mama mkwe akainuka, akamkagua mkono kama anavyokagua nguo zilizopigwa pasi, akaishika ncha ya bandeji na kumfungia fundo yeye mwenyewe.

"Hapa ulikuwa umelegeza. Ehe! Sasa umekuwa mtu wa hospitali. Nenda kanizalishie mjukuu."

Mdogo mtu alipiga kelele mpaka saa sita na ushee. Alimtukana mumewe, akaitukana cherehani, akamtukana na dada yake kidogo.

"Usiniache!"

"Nikuache niende wapi? Umenishika mkono mpaka damu haipiti. Sukuma."

Alisukuma. Akatoka mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na petali, na kwenye kipua chake, kisichozidi harage, kilimeta kipini cha dhahabu.

Mwenzake mkunga akamweka kwenye mizani. "Nikitoe kwanza?"

"Hakitoki. Kimezoeana."

"Basi kilo tatu, pamoja na kipini."

Mama mkwe aliingizwa ndani. Akamfunua mtoto, akasahau hata mkoba wake sakafuni. "Jamani! Jamani, tazameni pua! Huyu kazaliwa kapambwa, hajaacha kazi kwa sonara!" Akakibusu kipini, akaibusu petali, machozi yakamtoka na hakuyafuta kwa ile leso, aliyaacha tu. "Mikono yenyewe hii mirefu, ya kidaktari. Huyu akiwa daktari, watu watapanga foleni tangu alfajiri waguswe na mkono huu."

Mkunga alikuwa kwenye sinki. Alifungua bandeji. Akapaka sabuni, akalipandisha povu mkononi, na povu halikupita juu ya kitu. Akabandua plasta. Hata tundu la puani lilikuwa limeziba. Akalia kidogo, kwa sababu lilikuwa ua lake na alilipenda. Kisha akasuuza mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akarudi kumwona mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa ananyonyesha, amechoka, anacheka peke yake. Akauona mkono.

"Dada, ua lako liko wapi?"

"Si ndilo hilo unalinyonyesha?"

Mdogo wake akamtazama mtoto, akamtazama dada yake, akaushika ule mkono mtupu, akaulaza shavuni. "Ahsante," akasema. Mkunga akamwambia anyamaze, atamkatisha mtoto kunyonya.

Mama mkwe akainua kichwa.

"Binti, mbona hujafunika?"

"Hapana kitu, mama. Tazama."

Akamnyooshea. Yule mama akavaa miwani. Akautazama mkono juu, akaugeuza akautazama chini, akapitisha kidole kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko. Hakuona kitu, maana hakikuwepo.

"Sawa," akasema. "Lakini sisi tunakujua ulikuwa nacho. Funika, mwanangu, mtoto asije akaiga."

Akainama, akaibusu tena petali ya mjukuu wake. Mkunga akachukua bandeji mpya, akaanza kuzungusha, na mama mkwe, kwa kuwa alikuwa karibu na mikono yake ilikuwa mitupu, akamshikia ncha.