Kituo cha Kumi na Nne

Raili alikwisha kueleza kwa maandishi, bila kujikwaa, vituo kumi na vitatu vya basi la maktaba aliloendesha kuwapelekea watu vitabu: wapi pa kugeuzia theluji ikizidi, mbwa gani wa kuogopwa, bibi yupi anapenda riwaya za mauaji na anaona haya kuziomba. Alipofika cha kumi na nne, kalamu ikagoma. Zimebaki siku nne astaafu, na mkubwa wake anataka karatasi za makabidhiano zieleze kila kituo kina wasomaji wangapi na kwa nini gari lisimame hapo.

Msomaji alikuwa mmoja tu. Tauno, mzee aliyefiwa na mke, wa ile nyumba ya njano kwenye njia panda, kitabu kimoja kila wiki mbili. Na gari linasimama dakika ishirini! Sasa aandike nini, jamani? Kwamba miaka tisa hii amekuwa akipaka rangi ya midomo Alhamisi za kituo hicho tu? Alimpenda yule mzee, na hakuwahi kumwambia. Tauno naye si mtu wa maneno. Kila mara walikaa kwenye ngazi za basi wakanywa kahawa ya chupa, wakasema mawili matatu juu ya barafu ya ziwani, basi. Kule kwao huendi kubisha hodi kwa mtu bila shughuli, na shughuli ya Raili ilikuwa hilo gari. Akilikosa, na Tauno kamkosa.

Alhamisi ya mwisho alikwenda na Iiris, binti aliyeajiriwa kushika nafasi yake, na usukani akamwachia yeye auzoee. Njiani Iiris akauliza hizo dakika ishirini za nini. Raili akajibu kwamba mzee wa pale huchagua polepole. Iiris akamtupia jicho midomoni, akatabasamu, akarudisha macho barabarani. Mtoto ana adabu.

Tauno alikuwa amesimama kando ya barabara, kofia mkononi. Raili akamtambulisha Iiris, akaeleza kwamba kuanzia Jumatatu ndiye mwenye gari. Tauno akaitikia kwa kichwa. Akarudisha kitabu chake, na alipoambiwa achague kingine akakataa.

"Kifuteni tu kituo hiki," akasema. "Macho yangu yamekwisha, Raili. Huu mwaka wa pili sijasoma hata ukurasa."

"Na vitabu vyote nilivyokuwa nakupa?"

"Nilikuwa nakaa navyo mezani mpaka urudi."

Na Raili naye! Badala ya kusema la maana, akasema haya, kwaheri, akafunga mlango. Katika yote ya miaka tisa, hilo ndilo lililopenya.

Kilomita mbili mbele alikuwa analia waziwazi, karatasi magotini. Akaandika: kituo kifutwe, msomaji haoni. Chini yake palikuwa na sehemu ya kazi zilizobaki, pamoja na jina la atakayezimaliza. Akaandika kwamba Tauno anahitaji mtu wa kumsomea. Kwenye jina akaandika lake.

Iiris alisimamisha gari ampe kitambaa, akachungulia ile karatasi.

"Hapo panatakiwa jina langu, Raili. Wewe si unaondoka?"

"Najua," akasema Raili. "Geuza gari."