Pumzi ya Gervas kwenye Pikapu

"Mama Danstan, hilo gari mbona linahema kama mtu?" Consolatha, jirani wa upande wa migombani, aliwahi kumuuliza Frida hivyo.

"Limechoka tu, jirani," Frida akajibu, wakaendelea kupalilia maharage.

Jumanne hii, saa nne asubuhi, pikapu ya marehemu mumewe Gervas ilikuwa imefunuliwa boneti pale uani, Nyakahura. Ni gari la zamani la kabureta, lakini lina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na siku hizi lilikuwa linakunywa mafuta kupita kiasi. Sensa ikiwa imekufa, nyingine haipatikani hata Ngara. Lingebaki chuma chakavu, na wagonjwa wangekosa gari la kuwapeleka kituo cha afya bure, kama Gervas alivyofanya miaka kumi na moja.

Fundi Pancras akatoa balbu ya pikipiki anayopimia kila kitu.

"Hiyo itaiua sensa, inavuta umeme mwingi," Frida akasema. Akafungua kitenge, akatoa mita ya kupimia umeme aliyoiazima mjini.

"Mama umeshakuwa injinia?"

"Nimeuliza tu, mwanangu."

Injini ikapata moto. Pancras akaunganisha mita kwenye waya wa sensa, akafunga choki. Hewa ikapungua, namba ikapanda hadi sifuri nukta tisa. Akafungua choki, akachomoa mpira wa hewa kwenye kabureta. Namba ikashuka hadi sifuri nukta moja. Halafu ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, fupi mbili, ndefu moja, na kukwama kidogo mwishoni, vilevile Gervas alivyokuwa akihema.

"Sensa ni nzima," Pancras akasema. "Ila anayehema hapa ni mzee Gervas."

"Ndiye," Frida akasema, akafanya ishara ya msalaba. "Asante Yesu."

Ule mpira, ambao kazi yake ni kuvuta, ulikuwa unapuliza hewa safi ya baridi. Gervas alifariki mwaka juzi kwenye kituo cha afya. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umefungiwa stoo, na mtunza stoo alikuwa harusini na ufunguo wake. Pumzi alizokosa siku ile zilikuwa humu.

Habari zikaenea, na kufika saa sita wenye kubanwa kifua walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Mtunza stoo mwenyewe, Idefonsi, akaja na bodaboda, amempakia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mketishe hapa."

Frida akamwekea bibi kigoda, akamshikia mpira puani. Midomo ya bibi ikarudi rangi yake, akaomba chai. Frida akampa, akamkatia na vichane viwili kwenye mkungu wa ndizi aliouweka kwa ajili ya shukrani ya Jumapili kanisani.

Kisha akautazama ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa Idefonsi.

"Mtungi upo?"

"Upo, mama. Umejaa."

"Na stoo?"

"Imefungwa. Karatasi ya kufungulia haijasainiwa."

"Tangu siku ya Gervas?"

Idefonsi akaukamata ufunguo kwa kiganja usije ukalia, akamshika mama yake mkono, akatoka uani.