Shuka Lililochemshwa

Datius aliomba jambo moja tu: azikwe na shuka jeupe alilolitarizi marehemu mkewe, Jovita, alipokuwa akijifunza kushona kwa masista wa Kashozi. Tatizo, alikwisha kulitapikia damu. Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, ugonjwa ukifunga nyumba baada ya nyumba, na Clotilda, mama yake, hakuwa na mtoto mwingine. Akamwahidi.

Clotilda akashuka Bukoba mjini, dukani kwa mzee Suryakant, akapewa pakiti ya sabuni ya unga kutoka Ulaya.

"Mama Datius, sikiliza. Humu mna kimeng'enya," alisema Suryakant, mtu asiyeuza kitu bila kukihubiri kwanza. "Kimetolewa kwenye ukungu, kama ule wa mkate uliolala, ila huu unaota nchi za barafu. Kinakula damu kwenye maji baridi. Loweka jioni, suuza asubuhi. Ukikichemsha kinakufa."

Clotilda aliitikia, lakini maskini, aliitikia kwa adabu tu. Ukungu ufue nguo? Tena nani angemlaumu? Semina ya afya pale kijijini ilikuwa imewaimbia wanawake wote: cha mgonjwa, chemsha. Alipofika nyumbani akateleka sufuria kubwa, akamimina unga, akachochea kuni mpaka maji yakatokota. Damu ikaivia kwenye uzi. Shuka likatoka na doa la kahawia katikati, akasugua mpaka vidole vikachubuka, wapi.

Datius alikufa Ijumaa. Clotilda hakuthubutu kumpeleka kwa Jovita na shuka lenye doa mbele ya macho ya ukoo, akamzika na jipya la dukani. Ahadi ikavunjika, na mvunjaji ni yeye. Hilo lilimuuma kuliko kitu chochote.

Baada ya matanga alikuta unga kidogo umebaki pakitini. Akailoweka foronya ya mwanawe, nayo ina damu, kwenye maji baridi ya kisima, safari hii kama alivyoelekezwa. Asubuhi ilikuwa nyeupe pe, haina hata alama. Akaisogeza puani, akaitafuta harufu ya Datius, akaikosa. Mzee Suryakant hakusema uongo.

Clotilda akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishini. Kisha akaingia ndani, akalitoa lile shuka sandukuni, akalitandika kitandani kwake, akalala shavu lake likiwa juu ya doa.