Siku Ziwa Lilipotakata

Kiangazi chote ziwa lilikuwa limevaa utando mzito wa kijani, na kiangazi chote mama hakugusa maji ya bomba. Mimi ndiye ninayeyapima, kwenye kituo cha maji. Nilimweleza kwamba mwani huelea juu kufuata jua, na bomba letu linavuta maji chini kabisa, ambako ni safi. Akanijibu kwamba macho anayo. Akaendelea kuchota kisimani, na majirani akawaambia kuwa mwanawe anapima maji tu, si kwamba anayajua. Iliniuma.

Kisha dhoruba ikaja. Iling'oa mabati ya stoo yetu, ikalikoroga ziwa mpaka ikachoka. Kulipokucha, ziwa lilikuwa limetakata. Mkuu wa kituo aliagiza ndoo ichotwe ukingoni, akayatazama maji, akaishukuru dhoruba kana kwamba aliiajiri yeye.

Mimi nilichota chini, penye mdomo wa bomba, nikaweka tone kwenye hadubini. Mwani wote ulikuwa humo, na ni ile aina yenye sumu. Haukwenda popote, ulishushwa tu. Nikamwomba mkuu afunge bomba. Akasema hawezi kufunga maji siku ziwa limependeza hivyo, tusubiri barua kutoka juu, haraka haraka haina baraka.

Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa jikoni na glasi ya maji ya bomba mkononi, akinitabasamia.

"Leo nimeyakubali maji yako," alisema.

"Usinywe, mama."

"Yalipokuwa machafu ulinibembeleza ninywe. Leo yametakata, unanikataza?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo, na hata kuyachemsha hakusaidii. Nilijisikia mwenyewe nikiongea kama tapeli. Aliitazama glasi, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akayamwaga, akavaa ndala, akatoka.

Mama akiamua kusema, kipaza sauti cha manispaa ni mnong'ono. Alipita mlango kwa mlango, mimi nyuma yake, na kila mtu alituonyesha ziwa linavyometa. Muuza mkaa, ambaye tayari alikuwa amejaza sufuria, aliuliza nani kasema maji haya hayafai.

"Mwanangu," mama alisema. "Mimi macho yangu yanayaona safi. Lakini mwanangu ndiye anayeyajua maji."

Muuza mkaa akainama, akaimwaga sufuria.