Mchanga wa Wazazi

Kwenye devis, yaani makadirio ya gharama, Jeannine aliuandika mchanga kuwa wa kuletwa kwa lori. Ndivyo alivyofundishwa shule ya jioni ya ujenzi hapa Butembo: kila kinachoingia ukutani kina bei, na kisichoandikwa bei kuna mtu atakilipa. Akampelekea bosi wake, Ingénieur Gustave, devis hiyo ya shule waliyotaka kuijenga upande wa Mutwanga, mtoto akisinzia mgongoni.

Gustave aliposoma mpaka kwenye mchanga, akacheka. Lori kutoka Beni, tena la kungoja wanajeshi walisindikize, bei yake ingewanyima soko, yaani zabuni ya kuijenga. Isitoshe, wafadhili hupenda kuona wananchi nao wamechangia.

“Mama, weka mchanga kwa apport local, mchango ya bananchi. Bazazi batabeba ya mutoni, bure. Njo vile tunafanyaka.”

Jeannine aliujua mto huo. Uko nyuma ya mashamba ya kakao, kule ambako watu waliacha kuvuna kwa kuogopa panga za waasi. Mama yake mdogo, Victoire, alikaa kijijini hapo. Akampigia simu, akitumaini atamkataza.

Victoire alimtania kwanza kwamba siku hizi anajenga kwa kalamu. Kisha sauti ikashuka.

“Tutaenda, mwana wangu. Batoto banasomea chini ya bâche, turubai tu, mvua ikinyesha banarudi nyumbani. Andika tu.”

Akaandika. Penye bei ya mchanga akaweka sifuri. Soko wakalipata.

Wazazi walishuka mtoni kwa makundi, beseni kichwani, wakiimba kupunguza woga. Kundi la Victoire ndilo lililovamiwa, naye akauawa. Wakamzika hukohuko, maana barabara ilikuwa imefungwa. Jeannine alisikiliza mazishi kwenye simu.

Gustave alikuja kutoa pole, akakaa, machozi yakamtoka kweli. Alipoinuka kuaga ndipo akasema mchanga uliokwisha kufika hautoshi. Kamati ya shule itatuma wazazi wengine.

Jeannine akamshusha mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani.

“Hapana, Ingénieur. Weka lori.”

“Mais lori haiko kwa devis. Tutatoa wapi?”

“Toa plafond, ile dari. Batoto batasoma bila plafond.”

“Na bafadhili? Bataulizia apport local.”

“Andika mama yangu mudogo. Yeye alikwisha changia.”

Gustave akarudi kuketi, akaomba kalamu. Jina la Victoire hakuliandika. Alipiga mstari kuifuta dari kwenye devis, na chini yake akaandika: lori.