Stendi Kubwa

…kwani nani kasema itolewe sasa hivi, yeye alichosema ni kwamba inakwaruza, basi, lakini huyu fundi pikipiki ukimwambia tu kitu kinakwaruza keshachuchumaa, keshachomoa springi ya stendi kubwa, ile ya katikati, keshatia spana kwenye nati, na sasa anamwangalia kutoka kule chini, jicho moja kalifumba kwa ajili ya jua, anauliza, "Nitoe au niache, bosi?", kama anauliza chai itiwe sukari au isitiwe, na Waya, mtu mzima na ndevu zake, fundi umeme ambaye wenzake wa saiti walimbandika jina hilo kwa kuwa haulizwi mara mbili waya upi uende wapi, amesimama kwenye udongo ulioshiba oili, ufunguo mkononi… "Vijana wote wanazitoa," fundi anasema, "hii ndogo ya pembeni inakutosha, pikipiki inakuwa nyepesi, unalala kona unavyotaka," alale kona na nani, na baba yake nyuma, mzee wa miaka sabini na mbili, mguu wa kulia umekakamaa tangu alipoanguka bafuni, haukunjiki hata kidogo, njia nzima umetokeza pembeni mpaka waenda kwa miguu wanaupisha, na ile Alhamisi kwenye tuta la hospitali stendi iligonga lami, krrr, cheche zikaruka, pikipiki ikayumba, baba akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili wala hakusema neno, walipofika tu ndiyo akasema, "Tuta lile limekaa vibaya," tuta, baba, tuta… hajawahi kulalamika huyu mzee, na hilo ndilo linalomtia Waya wazimu, angelalamika wangegombana yakaisha.

Maana kila asubuhi kumpeleka baba kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa ni shughuli, na shughuli yenyewe inaanza na hiyo stendi, bila pikipiki kusimama wima imara kwenye stendi kubwa mzee hapandi, walijaribu mwanzoni na hii ya pembeni, ikadidimia ardhini, pikipiki ikalala, nao wote wawili chini, mzee kiwiko kinatoka damu huku anacheka, kwa hiyo sasa ni hivi, Waya anaipandisha kwenye stendi kubwa, mzee anaegemea siti, Waya anainama, anaubeba ule mguu, anauvusha juu ya siti polepole, mzee anajivuta, anakaa, anatengeneza koti lake, maana lazima avae koti, fundi saa haendi kibandani kwake bila koti, kisha Waya anajipenyeza mbele, "Tayari, baba?", "Tayari," moja, mbili, wanasukuma pamoja, inashuka, na majirani wamejipanga na miswaki mdomoni wanatazama kama sinema, kila siku sinema ni ile ile hawaichoki… halafu saiti anafika wenzake washapanda ngazi, msimamizi ameshika kiuno, "Mtoto wa fundi saa ndiye anayechelewa kuliko wote," watu wanacheka, jana wamecheka, leo wamecheka, yeye anajichekesha nao huku meno yanamuuma kwa kuyabana. Na ukimwambia mkewe, anakwambia baba akikaa nyumbani wiki mbili tutamzika, kile kibanda ndicho kinachomweka hai, sawa, mama watoto, ni kweli, lakini mgongo unaoinama ni wa nani… na dada yake, aliye mbali huko, hodari wa simu, "Mwangalie baba vizuri, mdogo wangu," vizuri, kwa simu kila mtu anamwangalia baba vizuri.

"Bosi?" Ndiyo, anasikia, anafikiri, mtu haruhusiwi kufikiri… ikitoka, imetoka, asubuhi hakuna kubeba mguu, baba atapumzika, umri ule watu wanapumzika, saa zenyewe siku hizi nani anatengeneza, watu wanatazama simu, na atamwambia vizuri tu, kwa heshima, "Baba, fundi amesema ile stendi imeoza, imebidi itoke, tutaangalia namna," na hapo kwenye tutaangalia namna atashusha sauti kidogo… hebu ngoja, ameitunga lini hiyo, mbona imekamilika hivi, mpaka mahali pa kushusha sauti pamepangwa, ameitunga njiani anakuja, akiwa peke yake, siti ya nyuma tupu, na pikipiki ikiwa na mtu mmoja haikwaruzi popote, amepita matuta manne kuja hapa, kimya. "Ila tatizo wala si stendi," fundi anasema sasa, anaibonyeza siti kwa kiganja, pikipiki inazama kama godoro bovu, "shokapu za nyuma zimekwisha hizi, ndiyo maana mkipanda wawili inashuka mpaka chini, weka shokapu mpya hii stendi haigusi kitu," na Waya anatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo jipya, mnafiki mkubwa wewe, ulilijua, tangu ile Alhamisi ulilijua, umekuja kutafuta mtu wa kukufungulia nati ili useme si mimi, ni fundi.

Na kwa dada alisema waziwazi, Jumamosi, amesimama uani na simu, amechoka, "Nitaiondoa hiyo stendi, dada, biashara iishe, nimechoka kubeba mtu kama gunia," gunia, alilitamka hilo neno, na dada akanyamaza, na yeye akaona amepata ushindi… uani, karibu na dirisha la chumba cha baba, ambalo huwa wazi kwa sababu ya joto. Jumapili jioni alimkuta mzee nyuma ya nyumba, amevaa viatu, mbele yake benchi la kufulia, kitambaa cha shuka kuukuu amekizungusha kwenye soli ya kiatu, anauvuta mguu kwa mikono miwili, unapanda, unagonga benchi, unaanguka, anauvuta tena, shati limelowa mgongoni, na alipomwona mwanawe alikikunja kitambaa harakaharaka akakitia mfukoni, "Nanyoosha nyoosha tu misuli," na Waya akasema vizuri, baba, mazoezi mazuri, akapita zake kwenda kuoga. Alisikia. Mzee alisikia yote, akatafuta kitambaa, akaanza kujifunza kupanda pikipiki peke yake, kimyakimya, asimsumbue mtu, na usiku ule mezani akamsogezea Waya kipande kikubwa cha samaki, "Kula, mwanangu, kesho una kazi," naye akakila chote, akakila mpaka mifupa akaichokonoa… "Nitoe au niache?" fundi anauliza, spana bado iko kwenye nati, jicho bado amelifumba, na Waya anageuka kidogo kuelekea barabarani ili fundi asimwone uso.