Vipimo vya Mguu wa Msabaha

Suresh alikuwa akipigilia kisigino cha buti la kushoto Msabaha alipoingia, akaketi kwenye kiti cha wateja na kunyoosha miguu mitupu. Matope ya Rufiji yakadondoka sakafuni. Hansa, mkewe Suresh, akatandaza gazeti chini, kama kila siku tangu watoke Nairobi na kufungua duka hili la viatu Walthamstow, London. Ilikuwa Ijumaa, Novemba 1968.

Msabaha alifariki mwaka 1917. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Mwingereza miaka kumi na miwili. Alipelekwa kuwapiga Wanandi, kisha Wasomali, kisha Wajerumani, kote huko peku, kwa kuwa askari weusi hawakupewa viatu. Jumapili marehemu wa jeshi wangefanya gwaride mjini. Kila mwaka sajini, naye marehemu, alimtoa Msabaha mstarini kwa kukosa mabuti. Suresh, aliyezuiwa uwanja wa ndege siku mbili na pasipoti ya Uingereza mkononi, hakuuliza kwa nini.

"Jaribu, bwana askari."

Mabuti yakaingia vizuri. Msabaha akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Leo umeniweza, fundi."

Akatoka. Nje Kapteni wake Mwingereza, naye marehemu, alikuwa akitazama saa. Akampanda Msabaha mgongoni, kama alivyofanya tangu aliposhikwa na homa kule Rufiji na Msabaha akaamriwa ambebe. Nyuzi zikakatika. Mabuti yote mawili yakapasuka ubavuni.

Msabaha akarudi ndani na Kapteni wake mgongoni.

"Mbona hukuniambia una mzigo?" Suresh akauliza.

"Hukuuliza. Ulinichora miguu nimekaa."

"Fundi wa miaka ishirini," Hansa akasema, "anampima askari kama karani wa benki." Akamgeukia Msabaha. "Huyu hashuki?"

"Hushuka kwenye gwaride. Yeye ana mabuti. Likiisha hupanda tena."

Suresh akatandika karatasi ya kaki. "Simama hapa. Asishuke."

Akachora polepole. Penseli ikavuka ukingo wa karatasi, ikabidi aunge ya pili.

"Jumapili hayatakuwa tayari," akasema.

"Najua."

Suresh akaandika jina la Msabaha katikati ya mchoro, akauwekea nyundo usijikunje. Ngozi angekata kesho.

Nje, Kapteni, akiwa bado mgongoni, alimwambia Msabaha akwepe madimbwi. Hakutaka mabuti yake mwenyewe yarukiwe na matope. Msabaha alikuwa ameyapiga rangi asubuhi ile.